Msingoje Mjomba Afike

Mtu akiamka na mdomo umekwenda upande, mkono hauinuki, maneno yake hayasikiki vizuri, nyumbani kwetu tunafanya nini? Tunamlaza. Tunamsugua mafuta. Tunatuma mtoto amwite mjomba, na mjomba akifika tunaanza kuulizana ni nani aliyemloga. Nimemwona mama mmoja aliyeletwa siku ya tatu, kwa sababu jamaa walimngoja kaka mkubwa atoke safarini. Hakufa, lakini mkono wake wa kuume haukushika jembe tena.

Ugonjwa huo si uchawi. Ni mshipa wa damu katika ubongo: mara nyingi umezibwa na damu iliyoganda, mara nyingine umepasuka. Iko dawa ya kuyeyusha damu ile, lakini kwa desturi hutolewa kabla masaa 4 na nusu hayajapita tangu ugonjwa uanze, tena baada ya mashini kupiga picha ya kichwa. Maana kama mshipa umepasuka, dawa hiyo inaweza kumwua.

Katika mji wa Helsinki, nchi ya Finland, mwaka 1998 mgonjwa alikaa hospitalini kama dakika 105 kabla ya kupata dawa hiyo. Mwaka 2011 zilikuwa dakika 20. Waliomchukua kwa motokari walipiga simu mbele, akapelekwa moja kwa moja penye mashini, akapigwa sindano palepale.

Najua mtasema, mashini hiyo kwetu iko wapi? Kweli, hospitali nyingi za kwetu hazina. Lakini mimi sikubali kwamba basi haraka haina faida. Tunapima sukari ya damu, kwani ikishuka sana mtu huweza kuonekana vivyo hivyo, na huyo mara nyingi hupona upesi akipewa sukari mshipani. Tunaangalia kama anaweza kumeza kabla hajapewa hata maji. Uji ule mnaomnywesha kwa huruma huingia mapafuni, na mapafu yakiugua ni shida ya pili.

Na kuomba? Ombeni, lakini ombeni mkiwa njiani. Msimpe aspirini, wala vidonge vya presha vya jirani. Mlazeni kwa ubavu katika kipoyi au motokari, na mmoja wenu akumbuke saa ya mwisho alipoonekana mzima. Hilo ndilo swali nitakalowauliza mlangoni, hata mkifika usiku wa manane.