Krismasi Hii, Tuma na Ya Kutoa

Kuna maneno manne ambayo karibu kila Mkenya mwenye simu anayaelewa: tuma na ya kutoa. Ukiambiwa hivyo unajua kwamba kutuma elfu moja peke yake hakutoshi, kwa sababu mwenzako akifika kwa wakala atakatwa ada na kubaki na pungufu. Basi unaongeza kidogo ili kile ulichokusudia kimfikie kikiwa kizima. Hakuna mtu aliyetufunza hili darasani. Ni adabu tu ya pesa za simu.

Desemba hii tungependa adabu hiyo ivuke mipaka ya simu. Makundi ya WhatsApp tayari yamechangamka: kuna mchango wa watoto yatima, wa wazee wa mtaa, wa familia ambayo nyumba yao imeungua. Wengi wetu tutatuma chochote tulicho nacho, na hilo ni jambo la kujivunia. Waswahili walishasema, kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Lakini baada ya wewe kubonyeza PIN na kuendelea na shughuli zako, kuna mtu atakayebeba unga mgongoni, apande boda, agonge milango na kuhakikisha umefika. Mara nyingi mtu huyo halipwi, na gharama ya kufikisha wema wako anaitoa mfukoni mwake.

Maoni yetu ni haya: mchango wowote wa sikukuu unaopitia mikononi mwa mtu anayejitolea unafaa uwe na ya kutoa yake.

Hawa watu ni kina nani?

Desemba 3 ni Siku ya Kimataifa ya Watu Wenye Ulemavu. Desemba 5 ni Siku ya Kimataifa ya Wanaojitolea, iliyowekwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1985. Siku hizo mbili hupita kimya wengi wetu tukiwa tunapiga hesabu ya nauli ya kwenda ushago. Ni kama kalenda yenyewe imewaweka pamoja anayehitaji mkono na anayeunyoosha, ila sisi hatuangalii.

Chukua wahudumu wa afya ya jamii, wale wanaozunguka nyumba kwa nyumba na mkoba mgongoni. Septemba 2023 serikali ilizindua kikosi cha zaidi ya wahudumu 100,000 nchini, wakapewa vifaa vya kupima presha na sukari pamoja na simu ya kuweka rekodi. Kwa mpango uliopo, kila mmoja anaangalia takriban nyumba 100. Marupurupu yao yaliwekwa kuwa Sh5,000 kwa mwezi, serikali kuu ikitoa nusu na kaunti nusu. Kabla ya hapo, kwa miaka mingi, wengi wao walifanya kazi hiyo bila malipo ya uhakika.

Sasa fanya hesabu ndogo. Elfu tano ukigawa kwa nyumba mia moja ni shilingi 50 kwa kila nyumba, mwezi mzima. Hamsini, hata boda ya kwenda na kurudi haitoshi.

Wapo wengine pia. Kuna wazee wa nyumba kumi, akina mama wa jumuiya kanisani, vijana wa msikiti wanaopeleka chakula, na makundi ya vijana ya kusafisha mtaa. Wakati wa mafuriko ya Aprili na Mei 2024, katika mitaa kama Mathare, majirani na vijana wa mtaa walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuokoa wenzao. Hawakungoja kuandikwa kazi.

Umuhimu wao haupo kwenye nguvu za mikono peke yake. Wanajua. Ukiuliza mtandaoni nani anahitaji msaada, watakaojibu ni wenye bando. Nyanya anayeishi peke yake na simu iliyozimwa tangu Jumanne hatajibu. Mama mwenye mtoto mlemavu ambaye hawezi kuacha nyumba hatafika kwa chifu kupiga foleni. Ni yule mhudumu aliyebisha hodi wiki jana anayejua kwamba jiko la nyumba ile halijawashwa.

Bei ya kujitolea

Tuseme kikundi cha mtaa kimekusanya Sh30,000 kwa familia 15, kila familia vitu vya Sh2,000: unga, mchele, mafuta, sukari, majani chai na sabuni. Hesabu kwenye karatasi imekaa sawa kabisa, thelathini imeingia na thelathini imetoka.

Lakini vitu havitembei vyenyewe. Mkokoteni au boda wa kubeba mizigo, tuseme Sh600. Kredo ya kupigia familia 15 na kuwapigia tena wasioshika, Sh200. Chakula cha mchana cha watu wawili siku mbili, Sh300. Kisha kuna gharama ambayo hakuna anayeitaja: anayezunguka huenda ni mama wa kufua nguo kwa watu, na siku mbili za kuzunguka ni siku mbili bila kibarua. Tuseme Sh500 kwa siku, hiyo ni Sh1,000. Jumla ni Sh2,100.

Hii ni mifano tu, bei za kwenu mnazijua wenyewe. Lakini tazama uzito wake. Kwa mchango wa Sh30,000, Sh2,100 ni asilimia 7. Kwa mtu asiye na mshahara, Sh2,100 ni Krismasi ya watoto wake yote. Tusipoiweka kwenye bajeti haipotei, inahamia kwake. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Sisi tunaotuma kwa simu hatuusikii uzito wake.

Tungesema hivi: kila mchango utenge kiasi cha wazi cha nauli, kredo na chakula cha wanaozunguka, na kiasi hicho kitangazwe mapema kwenye kundi. Kisiwe cha kufichwa, wala cha kuombwa kwa aibu baada ya kazi.

"Lakini akilipwa, si kujitolea tena"

Hoja hii tunaisikia sana, na ina uzito wake. Mtu anaogopa kwamba tukianza kulipa, wema utageuka biashara.

Kuna tofauti kati ya kumlipa mtu na kumrudishia alichotumia. Ukimtuma mdogo wako dukani unampa pesa za kununua mkate, hujamwajiri. Kujitolea ni kutoa muda na moyo. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba lazima pia utoe nauli. Kama sharti la kujitolea ni kuwa na pesa za ziada, basi watakaobaki ni wenye uwezo tu, na wengi wao hawakai kwenye ile mitaa yenye shida. Tutawapoteza wale wanaoijua milango.

Hoja ya pili ni nzito zaidi: "atakula hiyo pesa." Sote tunajua kisa cha mweka hazina aliyezima simu. Dawa yake si kumnyima nauli mtu mwaminifu. Dawa ni kuipanga pesa vizuri, na hapa ndipo kazi yetu inapokutana na yenu.

Pesa isikae kwa simu ya mtu mmoja

Mchango ukiingia kwenye laini ya kibinafsi ya mtu, unachanganyika na pesa zake za nyumba. Hata kama ni malaika, baada ya siku tatu hawezi kuwaonyesha ipi ni yenu na ipi ni yake. Akiugua au simu ikiibwa, mchango umekwama. Na jina lake likichafuka mtaani, hakuna wa kulisafisha. Kumwekea utaratibu ni kumkinga yeye kwanza.

Kwa hivyo, kabla hamjatangaza mchango:

- Tumieni akaunti ya kikundi au nambari ya Paybill iliyosajiliwa kwa jina la kikundi. Kama hamjafika hapo, tafuteni laini ya mchango huo peke yake, isiyotumika kwa kitu kingine.
- Wachagueni watu watatu: anayepokea, anayeidhinisha matumizi na anayeandika. Wasiwe wa nyumba moja.
- Kila jioni tumeni kwenye kundi kiasi kilichoingia na kilichotoka. Mwisho wa mchango, tumeni taarifa yote ya akaunti, pamoja na ya kutoa ya waliozunguka.
- Mwambieni kila anayechangia asome jina linalojitokeza kabla ya kukamilisha malipo. Kama si lile lililotangazwa, asimame na apige simu kwa mtu anayemfahamu.
- Ukituma kwa nambari isiyo sahihi, wasiliana na huduma kwa wateja mara moja, kabla pesa hazijatolewa.

Desemba pia ni msimu wa matapeli. Picha ya mtoto mgonjwa inaweza kuzunguka mwaka mzima ikibadilishwa nambari tu. Ukiona ombi na hujui mtu yeyote anayemjua mhusika, tafuta mtu wa mtaa ule kwanza. Hapo tena utamhitaji yule anayejitolea.

Anayepokea ana heshima yake

Si kila mtu anahitaji kuletewa unga. Wengine wana unga lakini wanadaiwa kodi ya nyumba, au dawa zimeisha. Mtu akiwa na laini yake mwenyewe, kumtumia pesa moja kwa moja kunampa nafasi ya kuamua. Mtumie na ya kutoa, bila kungoja aombe. Ndiyo, ada hizo ni sehemu ya mapato ya kampuni kama yetu, hatutajifanya hatujui. Ndiyo maana tunasema ijumuisheni kwenye hesabu tangu mwanzo, isije ikamkata aliye na kidogo kuliko wote.

Kabla ya kutuma kwa mzee, muulize mhudumu wa mtaa swali moja: simu hii nani anaishika? Wazee wengi wamesajiliwa laini na watu wengine, au PIN yao inajulikana na mjukuu na wakala pia. Anayejitolea anaweza kumsindikiza nyanya hadi kwa wakala, kumsomea ujumbe, kumhesabia noti. PIN asiijue. Hata nyanya akimwambia "shika tu mwanangu uniwekee," ampe simu aweke mwenyewe. Siku pesa zikipotea, atakayeshukiwa kwanza ni aliyekuwa anaijua.

Kisha kuna kamera. Tunaelewa kwamba waliochanga wanataka kuona. Lakini mtoto aliyepigwa picha akipokea soda na mkate ataenda shule Januari na wenzake wameiona. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, nayo inadai idhini ya mzazi au mlezi kwa habari za mtoto. Na hata bila sheria, jiulize kama ungependa mama yako apigwe picha hivyo. Pigeni picha ya mizigo, ya risiti, ya wanaojitolea wakipakia mkokoteni. Hao ndio tunataka kuwashangilia.

Orodha ya majina nayo isitupwe kwenye kundi. Mhudumu wa afya anajua nani anatumia dawa gani na kwa nini. Usimlazimishe akuthibitishie shida ya mtu kwa kutoboa siri zake. Akisema nyumba ile inahitaji, hiyo ni sababu tosha.

Januari inakuja

Desemba 25 nyumba nyingi hupata sahani ya pilau, hata kwa jirani. Shida hurudi baada ya wiki mbili, shule zinapofunguliwa na waliochanga wamerudi mjini mifuko ikiwa mikavu. Si bure watu wakaiita Njaanuari. Kwa wahudumu wetu huo ndio mwezi mgumu zaidi: milango ni ile ile, mahitaji yameongezeka, na kundi la WhatsApp limenyamaza.

Kwa hivyo gawanyeni mchango. Kama mnakusanya Sh30,000, Sh20,000 zifanye kazi ya sikukuu na Sh10,000 zilale kwenye akaunti ya kikundi hadi wiki ya pili ya Januari. Hakuna atakayepiga makofi siku hiyo, lakini kuna mtoto atakayeenda shule na daftari.

Na kabla ya yote hayo, wiki hii, fikiria mtu mmoja mtaani kwenu ambaye huwa anazungukia wengine. Unamjua. Usimtumie ujumbe wa "Mungu akubariki" peke yake. Mpigie, umuulize mwaka umekuwaje kwake na anasafirije akienda kuona watu wake. Halafu mtumie nauli, na ya kutoa.