Kadi ya moto, monita kimeo: huko ni kumpigia mbuzi gitaa

Leo tuache siasa za chuo pembeni, nitoe ya moyoni kuhusu ubishi usioisha huku hosteli: mtu akishapata kadi kali ya grafiksi, anunue monita gani ya gemu?

Msimamo wangu nausema mapema, wa kununa anune. Kwa kadi ya daraja la RTX 4070, monita ya kuchukua ni inchi 27, pikseli 2560 kwa 1440, Hz 144 au zaidi. Siyo ile ya Hz 60 uliyorithi, na wala siyo hiyo 4K inayowatoa watu udenda. Nifuateni taratibu.

Kazi ya kadi ni kuchora picha, ndizo tunaziita fremu. Kazi ya monita ni kuzionyesha. Monita ya Hz 60 inabadilisha picha mara 60 kwa sekunde, basi. Kadi ichore fremu 150 au 200, monita haitaongeza spidi hata kidogo. Utakachopata ni gemu kuitikia mausi haraka kidogo, pamoja na picha kuchanika: juu unaona fremu ya zamani, chini fremu mpya. Kwenye Hz 60 kila picha inakaa milisekunde 16.7, kwenye Hz 144 inakaa milisekunde 6.9 tu. Na wale wanaosema eti jicho haliwezi kuona zaidi ya 60, wawekeeni monita mbili pamoja, waburuze mausi wenyewe. Watanyamaza bila kuambiwa.

Nasema kwa uchungu kwa sababu kuna mshkaji hapa ghorofa ya pili, jina namhifadhia. Jamaa alibana boom mihula miwili, mchana chipsi kavu, usiku wali maharage, akaongezewa na kaka yake mpaka akaipata hiyo 4070. Sasa ameichomeka wapi? Kwenye monita ya mtumba iliyotoka kwenye ofisi za watu, pikseli 1920 kwa 1080, Hz 60, tundu lake VGA tu! Kadi yenyewe VGA haina, ikabidi atafute kiunganishi. Jamani! Mihula miwili ya njaa, halafu anachokiona machoni kadi ya nusu bei ingemwonyesha vilevile.

Washauri wakajaa chumbani. Wengi wakamwambia, "Wewe nunua 4K umalize kazi." Hapo ndipo mimi ninapokataa. Hesabu hizi hata aliyesoma HGL anaziweza. 1920 kwa 1080 ni pikseli kama milioni 2.07. 2560 kwa 1440 ni kama milioni 3.69. 4K, yaani 3840 kwa 2160, ni kama milioni 8.29, mara nne ya ile ya kwanza! Kadi ni ileile, ila umeitwisha gunia nne. Fremu hazishuki kwa kiwango kimoja kwenye kila gemu, lakini zinashuka, na kwenye gemu nzito zinashuka vibaya. 4070 ilitoka Aprili 2023 ikiwa na memori ya GB 12. Ipe Cyberpunk 2077 kwa 4K, washa mahesabu yote ya mwanga, utaona inavyohema.

Mtaniambia kuna DLSS. Sikatai, inasaidia sana: kadi inachora picha ndogo, halafu akili bandia inaikuza. Lakini kwenye 4K ukiweka DLSS Performance, kadi inachora 1920 kwa 1080 halafu ndiyo inakuza. Sasa umelipia pikseli milioni nane ili kadi ichore milioni mbili? Kwa bajeti ya mwanafunzi, mimi hiyo biashara siioni.

Ukubwa nao uangalie. Inchi 27 yenye 1920 kwa 1080 inakupa vidoti kama 82 kwa inchi, maandishi yanaonekana yana mikwaruzo. Inchi 27 yenye 2560 kwa 1440 inakupa kama 109, safi kabisa. Tena unafungua lecture notes upande mmoja na assignment upande wa pili bila kukodoa macho. Gemu siyo kazi pekee ya hicho kioo, au siyo?

Nisiwe mkali kwa wote, kuna watu wawili nawasamehe. Wa kwanza ni yule wa Counter-Strike 2 na Valorant usiku kucha. Huyo achukue inchi 24, 1920 kwa 1080, Hz 240, maana kwake spidi ndiyo chakula. Wa pili ni mwenye RTX 4090. Huyo 4K inamfaa, na ushauri wangu wala hauhitaji.

Sasa ukienda dukani, usiuziwe jina. G-Sync ya Nvidia ilitangazwa 2013, na zamani ilitaka monita yenye chipu yao ndani, bei juu. Monita za FreeSync ya AMD zikaingia sokoni 2015. Januari 2019 Nvidia wakafungua mlango, kadi zao zikaanza kukubaliana na monita nyingi za aina hiyo. Zote kazi yake ni moja: monita inaisubiri kadi, picha haichaniki. Kwa hiyo FreeSync ya bei ya kawaida inatosha.

Ukifika nayo chumbani, tumia waya wa DisplayPort. Chomeka kwenye kadi yenyewe, siyo kwenye tundu la madabodi. Kisha ingia kwenye mipangilio ya Windows uangalie Hz, maana mara nyingine inabaki 60 na wewe unatamba una 144.

Hoja yangu kubwa ni hii: monita isiwe kitu cha chenji iliyobaki. Kadi inazeeka haraka. 4070 ya 2023, kufika Machi 2025 RTX 5070 tayari ilikuwa sokoni. Monita nzuri itakaa mezani ukibadilisha kadi hata mara mbili. Kwa hiyo kama hela ni moja na haigawanyiki, shusha kadi daraja moja, upate kioo kinachoeleweka. Na kama kadi umeshanunua kama mshkaji wangu, usikurupukie 4K kwa aibu ya washauri. Kaa na kimeo chako mpaka boom lijalo, ila safari hii kula kwanza, kinachobaki ndiyo uweke akiba. Hakuna fremu zenye thamani ya vidonda vya tumbo.

Naomba kuwasilisha. Mwenye hoja tofauti aje nayo, ila aje na namba, siyo "jamaa yangu kasema". Tuko pamoja!