Jiwe Kavu Halizai Peke Yake



Wako watu ulimwenguni wanaofuga samaki na matumbawe ya bahari ndani ya matangi ya kioo. Wengi huanza na mawe makavu yasiyo na uhai. Huyapanga, hutia maji ya chumvi na kuwasha taa. Kwa macho, tangi limekamilika. Lakini samaki akitiwa mapema hufa, kwani uchafu wake hutoa amonia, nayo ni sumu. Lazima kwanza bakteria waenee juu ya mawe na kuigeuza sumu hiyo, kazi inayochukua wiki kadhaa. Hata hapo, mwani huweza kuyafunika mawe kwa kuwa hapana wa kuula. Ndipo mwenye tangi hutafuta kipande cha jiwe lililo hai, lenye minyoo, konokono na vijidudu visivyoonekana. Hicho ndicho mbegu yake.

Sisi wa Pemba tunahusika vipi? Mwaka 1998 bahari ilipata joto kupita kiasi, na matumbawe mengi ya Misali yakageuka meupe na kufa. Joto hilo lilirudi mwaka 2016. Tumbawe likifa hubaki jiwe tu, sawa na lile la tangini. Tofauti ni kwamba jiwe letu halina mtu wa kulitafutia mbegu. Watoto wa matumbawe huletwa na mikondo kutoka miamba iliyo hai, na hushika pale tu jiwe lilipo safi na imara. Anayelisafisha ni pono, tasi na konokono, wanaokula mwani.

Kwa hiyo anayepiga mwamba kwa kigumi, anayetupa baruti na anayemwaga utupa hawaui samaki wa siku moja tu. Wanaua wasafishaji, na wanavunja mwamba ambao ungetoa mbegu kwa jirani yake. Vifusi vya baruti navyo huviringishwa na mawimbi, na tumbawe changa haliwezi kushika juu yake.

Wapo wanaosema bahari ni kubwa, haimalizwi. Tunajibu: ukubwa wa shamba haufai kitu ikiwa mbegu imeliwa. Wapo pia wasemao, na wana haki kusema, kwamba mvuvi ana watoto wanaotaka kula leo. Hilo hatulidharau. Lakini pweza hukua haraka mno. Mwamba ukifungwa miezi michache, anayevuliwa baadaye huwa mkubwa zaidi. Wenzetu wa Kisiwa Panza wameufuata mtindo huo wa kufunga na kufungua. Kusubiri kidogo kwa makubaliano ya kijiji si sawa na kulala njaa.

Misali iliwekwa chini ya hifadhi mwaka huo huo wa 1998, na mwaka 2005 ikafuata Hifadhi ya Mkondo wa Pemba. Huko Misali wavuvi walielimishwa kwa mafunzo ya dini yetu kwamba bahari ni amana. Sheria peke yake haina macho ya kutosha usiku. Amana ina macho kila mahali.

Tunatoa wito: mwanafunzi ukishuka pwani maji yakitoka, ukipindua jiwe kutafuta pweza, lirejeshe lilivyokuwa. Chini yake wamo wanaolifanya liwe hai.