Muswada unakwama steshenari
Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, humpa mshindi wa kwanza shilingi milioni 10, na serikali ikagharamia uchapaji wa kitabu chake. Vizuri sana. Lakini mwanamke wa Mpanda aliyejaza kaunta buku mbili za riwaya, usiku baada ya kuosha vyombo, hakwami kwenye kipaji. Anakwama steshenari, ambako kila ukurasa unaochapwa una bei yake na kijana wa kompyuta anaisoma kwa sauti ile sehemu ya mapenzi mbele ya wateja. Nani atarudi hapo? Na si kwamba wanawake wetu hawawezi: mwandishi Anna Samwel Manyanza alitwaa Tuzo ya Mabati-Cornell ya fasihi ya Kiswahili mwaka 2015; mwandishi mwenzake Elieshi Lema alikwenda mbali zaidi, akawa miongoni mwa waanzilishi wa kampuni ya uchapishaji, E & D, kule Dar es Salaam. Lakini Dar es Salaam ni mbali: Mpanda ni mwisho wa reli inayochepuka Kaliua. Sasa, halmashauri hutenga asilimia 4 ya mapato yake ya ndani kukopesha vikundi vya wanawake, na fedha hizo zimezoea cherehani na kuku. Sioni kwa nini kikundi kimoja kisiombe kompyuta na printa, akina mama wakachapiana miswada wenyewe kwa wenyewe. Afisa maendeleo ya jamii akiuliza marejesho yatatoka wapi, aambiwe: barua za kuomba kazi, mitihani ya shule na katiba za vikoba huchapwa mwaka mzima.