MPATANISHI ASIWE MTU WA UPANDE MMOJA

Ndugu Wanachama,

Mwezi wa Februari 2025 maaskofu wa Kanisa Katoliki la Kongo, pamoja na wakuu wa makanisa ya Kiprotestanti, walikwenda Goma kuzungumza na viongozi wa M23. Mji ule ulikuwa umetekwa majuma machache tu nyuma yake. Basi kelele zikaanza. Wapo waliosema kwamba kasisi anayempa mwasi mkono amewasaliti waliokufa. Wapo na hapa kwetu wanaosema kazi ya padre ni madhabahuni, vita waachiwe wenye bunduki.

Sisi wa chama tunayakataa maneno hayo, maana tunayajua toka zamani. Ndiyo maneno ya mwajiri asemaye, "Sizungumzi na wagomaji mpaka warudi kazini." Wakisharudi, atazungumza nao nini tena? Kuketi na mtu si kumsifu. Kila mjumbe wa chama aliyekaa mezani na meneja aliyewafukuza wenzake anajua hivyo. Mtu hapatanishwi na rafiki yake. Hupatanishwa na yule waliyegombana.

Wazee walisema amani haiji ila kwa ncha ya upanga. Sisi wa Nyeri tuliuonja upanga huo, na tuna haki ya kujibu.

NYERI HAPAKUWA NA MTU WA KATI

Tarehe 15 Januari 1954 Jenerali China, yaani Waruhiu Itote, mkuu wa wapiganaji wa Mlima Kenya, alijeruhiwa akakamatwa. Alihukumiwa kunyongwa hapa hapa Nyeri, kisha akasamehewa kamba ili awaite wenzake watoke msituni wazungumze na Serikali. Nani alikuwa msuluhishi? Hakuna. Aliyeshika shughuli ile alikuwa Ian Henderson, ofisa wa polisi, polisi wale wale waliokuwa wakiwawinda. Kesi ya ngedere akapewa nyani.

Mwanzoni mwa Aprili wapiganaji waliokuwa wamekusanyika huko Mathira walipambana na majeshi ya Serikali. Watu wakauawa, na mazungumzo yakafa. Hapakuwa na mtu wa tatu, anayeaminiwa na pande zote mbili, wa kusimama na kusema: ngojeni kwanza, tuchunguze kilichotokea. Tarehe 24 ya mwezi ule ule ikaja Operesheni Anvil kule Nairobi. Maelfu ya wafanyakazi wa Kikuyu, Embu na Meru walizolewa mitaani wakapelekwa kambini, na vyama vya wafanyakazi vikabaki bila watu. Fred Kubai na Bildad Kaggia, viongozi wa wafanyakazi, walikuwa wamekwisha kukamatwa tangu Oktoba 1952.

Mwaka 1955 Serikali ilijaribu tena kwa njia ile ile, ikashindwa tena. Dedan Kimathi akakamatwa Oktoba 1956, akahukumiwa Nyeri, akanyongwa tarehe 18 Februari 1957. Vita vikamalizwa kwa kamba, kambi na waya wa miba. Lakini ugomvi wa ardhi haukunyongwa. Ulivuka Uhuru pamoja nasi.

KANISA LILIKUWA WAPI?

Tuseme kweli bila kumwonea mtu. Wapo Wakristo waliouawa kwa kukataa kiapo, na ushujaa wao tunauheshimu. Wapo wamisionari waliopaza sauti pia: Januari 1955 shirika la C.M.S. lilitoa kijitabu huko London kulaumu ukatili uliokuwa ukitendwa kwa jina la Serikali. Lakini kwa jumla makanisa yalisimama upande wa bendera. Wahubiri waliingia kambini kwa ruhusa ya Serikali, wakawahimiza wafungwa waungame kiapo. Mtu wa msituni angewaaminije? Si kwamba hawakuwa na sala. Hawakuwa katikati.

SUDAN NA UGANDA

Sasa tutazame mahali ambapo watu wa dini walikaa katikati kweli.

Sudan ilipigana tangu 1955. Baraza la Makanisa ya Afrika Yote, lenye makao yake Nairobi, likishirikiana na Baraza la Makanisa Ulimwenguni, lilikwenda Khartoum kuonana na Serikali ya Nimeiri, likaonana pia na watu wa Kusini waliokuwa uhamishoni. Halikuchagua mlango mmoja. Pande mbili zilipokutana Addis Ababa, kiti cha mwenyekiti alikikalia Burgess Carr, Mliberia, katibu mkuu wa Baraza. Mkataba ukatiwa sahihi tarehe 27 Februari 1972. Ulitaja hata idadi ya askari: jeshi la Kusini liwe na watu 12,000, nusu yao wawe wa Kusini wenyewe. Huo ndio mkataba, ndugu zangu. Wenye hesabu, siyo wa maneno matamu.

Amani ile ilidumu miaka kumi na mmoja. Mwaka 1983 Nimeiri alivunja ahadi: akaikata Kusini mikoa mitatu, akatangaza sharia juu ya wote, Mwislamu na asiye Mwislamu. Vita vikarudi mpaka 2005. Sisi wa Majengo, Waislamu na Wakristo, tunalipa ada katika chama kimoja, tunajua dini haikuwa na kosa hapo. Kosa ni la mwenye nguvu aliyechana karatasi, na hapakuwa na mlinzi wa kumzuia.

Kaskazini mwa Uganda, Wakatoliki, Waanglikana, Waorthodoksi na Waislamu wa Acholi waliungana katika miaka ya 1990 kutafuta amani na watu wa Joseph Kony. Askofu Macleod Baker Ochola alikuwa amempoteza mkewe kwa bomu la ardhini mwaka 1997, na bado alidai mazungumzo. Mwaka 2003 yeye na Askofu Mkuu John Baptist Odama walilala nje mjini Gulu pamoja na watoto waliokuwa wakikimbia vijiji kila usiku wasitekwe. Kony hakutia sahihi mwaka 2008, hilo ni kweli. Lakini sheria ya msamaha ya mwaka 2000, ambayo viongozi hao waliidai, iliwatoa maelfu msituni wakiwa hai. Upanga uliwatoa wangapi wakiwa hai?

TUNALODAI

Kwa hiyo hatuwaambii watu wa dini wakae madhabahuni. Tunawaambia waende, lakini waende kama wasuluhishi wa kweli:

1. Wasile kwa upande wowote. Msuluhishi anayepanda gari la mwajiri kwenda kwenye mkutano amekwisha kushindwa kabla hajafika.

2. Wawaite mezani walioumia. Mazungumzo ya Kongo yakiwa ya majenerali na mawaziri peke yao, mchimbaji wa Rubaya anayebeba udongo wa koltani mgongoni atapata bwana mpya, hatapata amani.

3. Wasiondoke wino ukikauka. Sisi tunajua nyongeza ya mshahara haipatikani siku ya sahihi. Hupatikana siku ya malipo. Mkataba usiosimamiwa ni karatasi ya kufungia sukari.

Na anayesema asizungumzwe na mwasi, tumwulize swali moja: mtoto wake yuko mstari wa mbele, au ni mtoto wa maskini?

UMOJA NI NGUVU.

Mwanachama,
Majengo, Nyeri