Tusiwashuhudie Jirani Zetu Uongo

Mwezi uliopita watoto wawili wa shule yetu walipigana kisimani. Mmoja ni wa nyumba ya Wakristo. Wa pili baba yake ni Mwislamu, seremala aliyetutengenezea madawati wanayokalia wote wawili. Tulipowauliza kisa cha ugomvi, yule wa kwanza alijibu bila kuona haya, "Nilimwambia kwamba baba yake huabudu mwezi." Tukamwuliza, "Nani aliyekufundisha hayo?" Akasema, "Nyumbani husemwa, na watu wakitoka kanisani husema vile vile." Tukanyamaza, maana tulijua ya kuwa asema kweli. Mtoto hakuutunga uongo ule. Aliupokea kwetu sisi watu wazima.

Basi ndiyo sababu twaandika. Hatuwaandikii Waislamu ili kuwashinda, wala hatumvuti Mkristo aiache imani yake. Twaandika juu ya kosa letu wenyewe. Tumekaa na watu hawa miaka mingi. Twazikana, twakopeshana majembe, twakwenda soko moja. Walakini waaminilo hatulijui, ila kulisema twalisema. Wala Uislamu si mgeni wa jana katika nchi hizi. Kule Kizimkazi, katika kisiwa cha Unguja, mna msikiti ambao maandishi yake yataja mwaka wa 500 wa Waislamu, ndio mwaka wa 1107 kwa hesabu yetu. Mtu aliyekaa kwa jirani muda huo wote asimjue, ameacha kwa kusudi kumwuliza.

Na tuanze na huo mwezi. Waislamu huhesabu miaka yao tangu Muhammadi alipohama Makka kwenda Madina, mwaka wa 622. Mwaka wao una miezi 12, nao huufuata mwezi wa mbinguni, kila mmoja siku 29 au 30. Kwa hiyo mwaka wao ni mfupi kuliko wetu kwa siku kama 11, na ndiyo maana Ramadhani mara huja wakati wa masika, mara wakati wa kiangazi. Wakipanda kilimani jioni kuutazama mwezi mwandamo, wataka kujua kama mwezi mpya umeingia, basi. Je, sisi Pasaka yetu twaipataje? Si kwa kuutazama mwezi mpevu unaofuata tarehe 21 Machi? Ikiwa kuutazama mwezi ni kuuabudu, basi na sisi tumo.

Uongo wa pili ni kwamba wamwabudu Muhammadi. Mwislamu, katika shahada yake, hukiri mambo mawili: kwamba hapana Mungu ila Mungu mmoja, na kwamba Muhammadi ni mtume wake. Kwao mtume ni mtu, amezaliwa na mwanamke, tena amekufa. Muhammadi alikufa Madina mwaka wa 632, na kaburi lake liko huko. Wakisoma Maulidi katika Mfunguo Sita husimulia kuzaliwa kwake na kumwombea rehema. Mtu anayeabudiwa haombewi. Hapana dhambi waiogopayo kuliko ushirika, yaani kumpa kiumbe cho chote heshima iliyo ya Mungu peke yake. Na kumbe hiyo ndiyo dhambi tunayowabandika!

Uongo wa tatu ni kwamba wasujudia jiwe. Kule Makka iko nyumba iitwayo Kaaba, nao husema ilijengwa na Ibrahimu pamoja na Ismaili. Katika pembe yake limetiwa jiwe jeusi. Huielekea nyumba hiyo katika sala po pote walipo ulimwenguni, na hiyo ndiyo Kibla. Makka iko kaskazini yetu, na kwa hiyo misikiti ya huku imeelekea kaskazini. Wazee wao hueleza kwamba Khalifa Umari alipolibusu jiwe lile alisema wazi kuwa ni jiwe tu, lisilodhuru wala kufaa. Na makanisa mengi yamejengwa yaelekee mashariki. Nani miongoni mwetu aliyesema kwamba twaliabudu jua?

Haya, tumekwisha kusema yasiyo. Sasa tuyataje yaliyo. Waislamu humwamini Mungu mmoja, na malaika zake, na vitabu vyake, nao hutaja Taurati ya Musa, Zaburi ya Daudi, Injili ya Isa, na Kurani. Huwaamini mitume, na siku ya hukumu, na ya kwamba heri na shari zi katika kudra ya Mungu. Katika matendo, nguzo zao ni tano. Ya kwanza ni shahada tuliyoitaja. Ya pili ni sala tano kila siku: alfajiri, adhuhuri, alasiri, magharibi, na isha, wala hawasali ila wametawadha. Ya tatu ni zaka: mwenye fedha iliyofika kiasi kilichowekwa, ikikaa kwake mwaka mzima, hutoa sehemu moja katika 40, na mkulima wa nafaka, mavuno yakifika kiasi, hutoa sehemu moja katika 10 ikiwa shamba limenyweshwa na mvua, na moja katika 20 ikiwa amelimwagilia kwa kazi yake mwenyewe. Ya nne ni saumu ya Ramadhani, tangu alfajiri hata jua kuchwa, bila chakula wala maji. Mgonjwa na msafiri wameruhusiwa kula, nao hulipa baadaye. Ya tano ni hija ya Makka, mara moja katika maisha, kwa mwenye uwezo.

Sasa tujiulize, ndugu. Sisi tunaomcheka jirani kwa kuinama mara tano, je, sisi kwa siku twapiga magoti mara ngapi? Sisi tunaobishana na mweka hazina wa kanisa juu ya fungu la kumi, twapata wapi uso wa kuidharau zaka? Na tukisema, "Wao huvaa hirizi," masheikh wengi wao wenyewe huwakemea watu wao kwa jambo hilo. Nasi tunao wakristo wa mchana ambao usiku hubisha hodi kwa mganga. Uchafu wa mtu mmoja si dini yake. Tusiyotaka tuhesabiwe sisi, tusiwahesabie wao.

Walakini hatusemi kwamba imani hizi mbili ni moja. Huo nao ungekuwa uongo. Waislamu wamheshimu Isa sana: humwita Masihi, hukiri kwamba alizaliwa na bikira, na sura ya 19 ya Kurani ina jina la Mariamu. Lakini hukana kwamba yeye ni Mwana wa Mungu, tena hukana kwamba aliuawa msalabani. Sisi bila msalaba hatuna Injili. Hapo ndipo njia zinapoachana, na mtu mwaminifu, Mwislamu au Mkristo, hatafunika njia panda hiyo kwa majani. Twataka tuachane pale palipo na njia panda ya kweli, tusichimbe mashimo ya uongo njia nzima.

Wengine watasema, "Nao wao hutusingizia, husema twaabudu miungu mitatu." Ni kweli, wako wasemao hivyo, nasi huumia sana tusikiapo. Basi kwa kuwa twaujua uchungu wake, mbona twampikia mwenzetu chungu kile kile? Wengine watasema, "Mwalimu, ukiwafunulia watoto mambo haya watasilimu." Twajibu: imani inayosimama kwa sababu haijui ya jirani imejengwa juu ya mchanga. Mtoto aliyedanganywa leo, kesho atakwenda mjini, atakaa chumba kimoja na Mwislamu, atayaona kwa macho yake. Akikuta tulimdanganya juu ya mwezi, atasadiki nini tulichomwambia juu ya msalaba? Njia ya mwongo ni fupi.

Wala tusiseme hatuna pa kujifunzia. Kanoni Godfrey Dale, mmisionari wa Unguja, aliitoa tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili mwaka wa 1923, na Sheikh Abdullah Saleh Farsy akaitoa yake mwaka wa 1969. Zaidi ya hayo, maneno yenyewe tunayomwombea Mungu, yaani sala, imani, toba, malaika, nabii, ni ya asili ya Kiarabu, nayo yalitumika pwani kabla ya kufika kwetu sisi. Tumeazima maneno kwa jirani. Haifai kumrudishia matusi.

Basi, twawaomba mambo matatu. Kwanza, mzazi asimfundishe mtoto neno juu ya Waislamu ambalo hawezi kulisema mbele ya Mwislamu mwenyewe. Pili, mhubiri akitaka kutaja dini yao, aulize kwanza kwa mwenye dini. Tatu, aliyewahi kusema uongo huo aukanushe mahali pale pale alipousema, kwa maana Amri Kumi zimetukataza kumshuhudia jirani uongo, wala hazikusema jirani wa dini gani.

Sisi tulianza na sisi wenyewe. Tulikwenda na yule mtoto nyumbani kwa seremala, tukaomba radhi. Alitukaribisha tukae, akatupa maji, akasema neno moja tu: "Mngaliniuliza, ningaliwaambia."