NYANGUMI WA USHONGO NA WATOTO WETU



Mwezi wa Julai mwaka jana tulivuka kwenda Ushongo, kusini ya mji wa Pangani, kuwazuru jamaa zetu. Kwa furaha ya Siku ya Mwaka jamaa walikodi mashua ya mashine, ili watoto watembezwe baharini, wale pilau juu ya maji na wamtazame nyangumi. Twakiri kuwa tulifurahi kama watoto wenyewe. Habari za mnyama yule tulizisikia chuoni tungali wadogo, katika kisa cha Nabii Yunus, na miaka arobaini ilipita hatujamwona kwa macho yetu.

Alipozuka, pumzi yake ilipanda juu kama moshi, na ubavuni pake palikuwa na mwanawe. Hapo ndipo furaha ilipokaribia kugeuka msiba. Chombo cha watu kumi na watano kilikuwa kimepakia zaidi ya thelathini. Wote walikimbilia upande mmoja, maji yakaingia, na koti la kuokolea halikuwamo hata moja. Naye nahodha, badala ya kuwatuliza abiria, aliongeza mwendo apate kumfukuza mama yule na mtoto wake. Mwenyezi Mungu alitusitiri. Hatumtaji nahodha kwa jina, kwani kosa, kama tutakavyoeleza, halikuwa lake peke yake.

Wako watakaosema: mambo hayo na waachiwe wageni. Sisi twasema, la hasha! Mgeni hutoka Ulaya akalipa fedha nyingi ili aone kinachopita mbele ya mlango wetu. Je, mtoto wa mvuvi akimjua nyangumi kwa picha tu, bahari hiyo ni ya nani? Mtu hulinda anachokijua. Kitazameni kisiwa cha Maziwe, kinachoelekeana na Ushongo. Kilikuwa na mivinje, na kasa wakitaga humo. Kilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1975, lakini mwanzoni mwa miaka ya 1980 miti yote ilikuwa imekwisha, na leo ni fungu la mchanga linalofunikwa na maji yakijaa. Mayai ya kasa hayana budi kuhamishiwa pwani ya Ushongo yasizame, na kazi hiyo yafanyika kwa kuwa wapo watu waliojua thamani yake.

Nyangumi naye ana haki yake. Huyu mwenye nundu hutoka katika bahari za barafu za kusini, akaja kuzaa na kunyonyesha katika maji yetu ya vuguvugu, kiasi cha Julai hata Oktoba. Muda huo mama huwa hali karibu chochote. Huishi kwa mafuta aliyoyaweka mwilini. Kila akikimbizwa, hutumia akiba ya mwanawe. Sisi wenye maduka twajua maana ya kula mtaji. Tena katika karne ya 20 wawindaji waliua nyangumi hawa zaidi ya laki mbili katika nusu ya kusini ya dunia, na waliopo leo ni uzao wa wachache waliosalia.

Basi twashauri mambo matatu.

Kwanza, wakati. Idd hutembea na mwezi mwandamo, bali nyangumi hufuata jua, kama Siku ya Mwaka. Lakini Siku ya Mwaka huangukia Julai, kusi limeshika. Demani ikiingia, mwisho wa Agosti, bahari hutulia na nyangumi wangalipo. Mwaka 2025 Maulidi yaliangukia Septemba; wakati kama huo ndio wa kuwatembeza watoto.

Pili, idadi. Kila abiria awe na koti lake, na watoto wavishwe kwanza. Sisi wa visiwani hatuna haja ya kuhubiriwa: Spice Islander ilizama katika njia ya Pemba tarehe 10 Septemba 2011, na Skagit ikafuata tarehe 18 Julai 2012. Chombo kina kiwango chake kama mizani, nacho hakijui kuwa leo ni sikukuu.

Tatu, umbali. Nahodha asimame mita mia moja, apunguze mashine, wala asipite baina ya mama na mwana.

Na hapa ndipo kosa letu lilipo. Jamaa zetu walibishana nauli, nasi tukabishana pamoja nao, hata nahodha akatafuta abiria wengine ili apate bei ya mafuta. Tulidhani tumepunguziwa, kumbe tumenunua hatari kwa fedha zetu wenyewe. Kumi na tano walipe nauli ya haki, ili thelathini wasitafutwe.

Bahari haishi zinge, walisema wazee. Tuwapeleke watoto wetu wakaione, kisha tuwarudishe nyumbani kwa hesabu ile ile tuliyotoka nayo.